UZI: Dingi ya watu wawili kwenye kusi kali, kasi ndio farumi yako

mwana_amu (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanabahari wenzangu. Wiki hii nimeulizwa swali moja na vijana watatu, wawili wa Shela na mmoja yuko Malindi, kwamba kusi, huu upepo wa kusini, ikikaza hivi mnaziendeshaje zile dingi nyepesi za watu wawili, boti ndogo za tanga, bila kupinduka kila saa. Kumjibu kila mtu kwa simu siwezi kwa hivo naandika yote hapa, uzi utakua mrefu, mwenye haraka asome nusu leo nusu kesho.

Mie nimekulia kwenye mashua. Babangu alinishikisha kana, ule mti wa usukani, nikiwa darasa la tatu, tukibeba mawe na mchanga, na kila nilichokua nakijua kuhusu upepo nilikijulia kule. Miaka minne sasa mimi na mtoto wa ami yangu tunaendesha 470, boti ya mbio, jina lake ndio urefu wake, mita 4.70, na uzito wake kilo 120 basi. Hebu fikirieni, kilo 120, hiyo kwenye mashua ni mifuko michache tu ya mchanga, na sisi kwenye mashindano hupakia mingapi? Alafu juu ya wepesi wote huo imewekwa mlingoti mrefu, tanga kuu, tanga dogo la mbele, na ile spinaka inayofunguka kama mwavuli upepo ukiwa mgongoni. Mmoja anashika usukani na demani, yaani kamba ya kukaza na kulegeza, ya tanga kuu. Mwenzake anavaa hanesi, mkanda wa mwilini wenye ndoana, anajitundika kwenye waya unaotoka juu mlingotini, anasimama nje kabisa, nyayo ziko ukingoni mwa boti na mwili wote uko juu ya maji. Hio ndio trapizi. Nyinyi mnaokaa juu ya ubao unaotokeza joshini, upande unaotoka upepo, siku ya mashindano ya mashua mshaelewa, kazi ni ile ile, ila hapa ubao hakuna, kuna waya na miguu yako.

Sasa ninalotaka kusema ni moja na mengine yote yanatoka hapo. Mashua farumi yake, yaani uzito wa kuituliza, ni mchanga na watu. Dingi farumi yake ni kasi. Inapokwenda imetulia, ukiizuia ndio inakuangusha. Najua hili halimuingii mtu wa mashua, hata mie halikuniingia mpaka bahari iliponionesha.

Ilikua mwezi wa nane, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa tatu asubuhi maji yanapwa. Mnaujua mlango wa Shela wakati huo, maji yote ya mkondo wa kati ya Amu (Lamu) na kisiwa cha Manda yanataka kutoka nje na kusi inataka kuingia, vikigongana mawimbi yanasimama wima, mafupi, moja halijaisha jengine lishafika. Tulitoka kwa kubisha, kuupanda upepo kwa zigizaga, mpaka nje ya Ras Kitau vizuri kabisa, tukageuka kurudi na upepo mgongoni. Boti ikachomoka. Ubao wa katikati, ule unaoshuka majini chini ya boti, ukaanza kuvuma, wallahi unausikia mpaka kwenye magoti, mlio kama wa nyuki ndani ya mzinga, maji yanaruka pande zote mbili huoni mbele. Likaja pigo la upepo. Nikaingiwa na hofu, na mikono yangu ikafanya kile ilichofundishwa kwenye mashua, nikapeleka omo, yaani mbele ya boti, juu kwenye upepo nipunguze mwendo.

Kwenye mashua ungekua umepona, unaelekea upepo, tanga linapigapiga, unavuta pumzi. Kwenye dingi yenye upepo nyuma hapo ndipo ulipojimaliza. Kuna mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Boti ikikata kona kwa kasi mlingoti unatupwa nje ya kona, yaani upande ule ule upepo unaousukumia. Na la pili ndio kubwa, boti ikipungua mwendo tanga linazidi kubeba.

Hili la pili nalieleza polepole manake ndio ufunguo. Ukipanda boda siku isiyo na upepo hata kidogo unasikia upepo usoni, si ndio? Tanga nalo halijui upepo wa mbinguni, linajua upepo linaousikia lenyewe. Kusi inavuma noti 20 (noti ni maili ya bahari kwa saa), wewe unakwenda nayo njia moja kwa noti 12, tanga linasikia noti 8 tu, kijiupepo cha asubuhi. Omo ikizama kwenye wimbi ukasimama, tanga linasikia zile noti 20 zote kwa mara moja. Na nguvu ya upepo haipandi mara moja moja, noti ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Kutoka 8 kwenda 20 ni zaidi ya mara sita. Tanga lile lile, watu wale wale, mara sita. Ndio maana mlingoti unalala kabla hujasema bismillahi.

Kwa hivo upepo ukiwa nyuma, pigo likija unalikimbia, unapeleka omo chini upepo unakokwenda, unaachia kasi ipande. Pigo likipita, mwendo ukianza kupungua, ndio unapanda tena kidogo kidogo kuelekea upepo ili tanga lijae. Unapopanda na unaposhuka ni kinyume kabisa na mashua. Mimi ilinichukua misimu miwili mizima ya kusi mikono kuzoea.

Naendelea baadae, kuna mteja ananisubiri.

upepo_malindi

Shukran kaka, nimesoma mara mbili hio ya upepo wa kusikia. Lakini swali, mbona msipunguze tanga tu? Sisi huku kusi ikizidi tunafunga tanga dogo mambo yanaisha. Na noti 20 huku Malindi mwezi wa saba sio habari ni kila siku mchana.

mwana_amu

Ndugu yangu 470 haina pa kukunjia tanga, tanga ni hilo moja. Unachopunguza sio ukubwa ni tumbo la tanga. Tanga lenye tumbo linabeba, tanga lililonyooka kama ubao linapitisha upepo. Kuna kamba ya Cunningham inayovuta ukingo wa mbele wa tanga chini, hio kaza sana, inaleta tumbo mbele na kufungua tanga kule juu nyuma. Kuna kika, mfumo wa makapi (roda) unaovuta ule mti wa chini wa tanga, kwa kwenda joshi, yaani kuelekea upepo, kaza pia, inapinda mlingoti na tanga linalala bapa. Mti wa chini nao una kamba yake ya kuvuta kona ya nyuma ya tanga, ivute mpaka mwisho. Na ubao wa katikati pandisha kidogo, robo hivi, boti haitajikwaa sana kwa ubavu upepo ukiipiga.

LAKINI, na hili liandikeni ukutani, kabla hujageuka kwenda na upepo kika iachie. Ukiiacha imekaza, ule mti wa chini unakaa chini, boti ikiinama kidogo ncha yake inagusa maji, ikigusa maji huwezi tena kulegeza demani, tanga limefungwa na bahari, mmekwisha. Nshaona watu hodari wanapinduka kwa hilo tu.

Kwenda joshi ndio rahisi kuliko yote hata kwa upepo mkali, manake hapo ujuzi wa mashua unasaidia. Pigo likija legeza demani shibiri moja, panda kuelekea upepo kidogo sana, mwenzako anyooshe mwili wote kwenye waya, boti ikae bapa. Ikae bapa, naambia tena, ikiinama ubao unakosa kushika maji na mnachukuliwa upande kama ganda la nazi. Na legeza KABLA haijainama, ukingoja iiname ushachelewa. Mkono wangu wa demani haupumzikagi, ndani nje ndani nje, nikifika nyumbani kiganja kimechunika. Usijibane sana na upepo pia, tafuta kasi kwanza, boti ikishakimbia ndio ubao na usukani vinashika na unapanda joshi yenyewe. Kwenye mawimbi mwenye trapizi arudi nyuma hatua moja omo ipande.

bint_shela

Kaka asante sana kwa kufundisha wazi wazi. Mie nina kilo 54 na rafiki yangu ana kama 62, tunapenda sana lakini kila mtu anatuambia kusi ya Amu sio ya wasichana kwenye boti kama hio. Ni kweli hatuwezi?

mwana_amu

Dada yangu si kweli. 470 imo kwenye Olimpiki tangu Montreal 1976, na wanawake walikua na mashindano yao kuanzia Seoul 1988 mpaka Tokyo 2020, na Paris 2024 ilikua lazima mwanamke na mwanamume waingie boti moja. Wanaoishika kana mara nyingi ndio wepesi, mrefu na mzito anakwenda kwenye waya manake urefu wake ndio unaosawazisha. Kwa hivo wewe shika kana, rafiki yako avae hanesi. Ukweli wa uzito ni kwamba mkiwa wawili kilo 116 mtaanza kuelemewa mapema kuliko mie na mwenzangu, basi nyinyi mtanyoosha tanga mapema na mtapandisha ubao mapema, na siku nyengine mtarudi sisi tukiwa bado nje. Hio haina aibu. Anzeni na kaskazi, upepo wa kaskazini, mwezi wa kwanza, upepo unatokea upande wa Manda, maji ya mkondo yako laini hakuna wimbi, mjifunze kasi bila kupigwa. Lakini angalieni maji yakipwa yanawatoa nje, mgeuke mapema.

mzee_wa_matondoni

Vijana, nimesomewa na mjukuu wangu uzi huu. Mimi chombo hicho cha waya sikuwahi kukipanda, lakini upepo ni mmoja. Naona mwasema pigo likija, pigo likija. Pigo halitoki mbinguni ghafla. Laonekana. Maji yanapiga weusi, yanakunjana kunjana kama uso wa mtu mwenye hasira, unaliona hatua mia mbili kabla halijakufika. Mtu anaetazama miguu yake au kamba zake hilo halioni. Na wewe mwana wa Amu hujatuambia mlipopinduka ilikuaje, kwa maana pale mlangoni fungu la mchanga liko karibu.

mwana_amu

Shikamoo mzee wangu. Umenena, na ni kweli sikumaliza kisa.

Kuhusu weusi wa maji, sisi tuna mpango. Anaetazama ni yule wa kwenye waya manake yuko juu na mikono yake ina kazi chache. Anahesabu kwa sauti, pigo, tatu, mbili, moja. Mie nasikia tu mikono inajiandaa. Siku ile tulipopinduka hakuhesabu mtu, sote tulikua tumenyamaza kwa hofu.

Ilikua hivi. Tulirushwa. Mtoto wa ami yangu alikua kwenye waya, akatua ndani ya tanga lenyewe, mie nikaangukia nyuma. Nikaibuka nikaita jina lake, kimya. Nikaita tena. Alikua chini ya tanga, na ndoana ya hanesi imeshikana na kamba. Aliikata. Anavaa kisu kidogo shingoni, cha kukunja, na hicho kisu ndio sababu naandika haya nikiwa na moyo mtulivu. Tangu siku ile mtu asiyekua na kisu hapandi boti yangu, awe nani. Na laifu jaketi ya kubana mwilini, sio ile ya rangi ya chungwa ya kupanda nayo feri, ile inakunasa kwenye kamba.

Alafu boti ikageuka kifudifudi, mlingoti ukaenda chini, na pale kina ni kidogo maji yashapwa, ncha yake ikaingia kwenye mchanga. Kwa hasira nikapanda juu ya ubao nikaanza kuvuta kwa uzito wangu wote. Hapana, msifanye hivo. Mlingoti uliokwama ukiuvuta kwa ubavu unaupinda, na mlingoti wa alumini ukishapinda haurudi. Ikapita mashua ya watu wa Manda, nahodha wake akatupigia kelele tuache, akatupa kamba, tukaifunga mbele, akatuvuta taratibu kwa kufuata njia ile ile mlingoti ulioingilia, kama unavyochomoa mwiba. Ukatoka mzima. Allah amlipe. Siku hizi tunafunga chupa tupu kubwa ya plastiki iliyozibwa vizuri juu ya mlingoti, boti ikilala inaelea pale pale ubavuni haiendi kifudifudi.

Kuinua yenyewe ni hivi. Kwanza hesabuni vichwa, mjuane mko salama. Usiiache boti hata ufuo ukiuona karibu, mkondo wa bamvua unakupeleka huko usikotaka, na boti ndio inayoonekana na watu, kichwa chako hakionekani. Teremsha spinaka kama ilikua juu, achia demani zote na kika. Mmoja aogelee mpaka omo aishike ielekee upepo, ama akae ndani ya ubavu ulio chini alale sambamba na boti. Wa pili apande ubao, asimame karibu na mwili wa boti kwanza asije akauvunja, ashike kamba ya tanga dogo aegemee nyuma na kungoja. Haina haja ya nguvu, maji yakishatoka juu ya tanga inainuka yenyewe, na yule aliyelala ndani inamuinua nayo na uzito wake unazuia isiangukie upande wa pili. Ikisimama msikimbilie kuvuta demani. Kaeni, pumueni, tazameni kama kamba ziko sawa, ndio muanze.

upepo_malindi

Subhanallah hio ya kisu imenitoa jasho. Leo leo nanunua. Kaka la mwisho, kukisi, kule kuvusha tanga upande wa pili upepo ukiwa nyuma. Kila nikikisi upepo ukiwa mkali tanga linavuka kama panga linanipindua. Najaribu kungoja upepo upungue boti itulie kwanza ndio nikisi, wapi.

mwana_amu

Umejijibu ndugu yangu. Unangoja boti itulie, yaani ipungue mwendo, yaani unangoja tanga lisikie upepo wote ndio ulivushe. Rudia hesabu ya juu, 8 na 20. Kukisi kwenye upepo mkali kunafanywa boti ikiwa kwenye kasi yake ya juu kabisa, inateremka mgongo wa wimbi, hapo tanga ni jepesi unalishika kwa mkono mmoja linavuka kama pazia. Moyo unakataa, najua, kila kitu mwilini kinakwambia ngoja. Usingoje.

Vitu vya kushika. Ubao pandisha nusu kabla, ukiwa wote chini boti itajikwaa nao. Kika ilegezwe. Mwenzako awe ashaingia ndani kutoka kwenye waya, ameinama. Chagua wimbi, boti ikianza kuteremka sema "tunakisi", peleka kana kwa ulaini sio kwa kishindo, tanga likiwa linavuka tu juu ya kichwa rudisha kana katikati, hata ipitishe kidogo kurudi ulikotoka. Hilo la kurudisha ndio wengi wanasahau. Wakishavusha tanga wanaacha boti iendelee kukata kona mpaka inaelekea upepo, na tunajua inayofuata. Miili yenu ivuke pamoja na tanga, sio baada yake.

Na kama huna uhakika, hakuna anaekulazimisha. Panda kuelekea upepo, zunguka ubishe, duara refu lakini umefika. Mie hufanya hivo kusi ikipita noti 25.

bint_shela

Na ile ya kutoka kwenye joshi kugeuka kwenda na upepo? Ndipo sisi tunapoangukia, kila mara pale pale.

mwana_amu

Dada umeuliza pagumu kuliko pote. Kati ya kwenda joshi na kwenda na upepo kuna mahali boti inapita ubavu wake wote ukiwa kwenye upepo na tanga limejaa, hapo haina raha, na hukai hapo. Unapita haraka. Kosa ni mwenye waya kuingia ndani mapema kwa sababu ya woga, hapana, abaki nje, arudi nyuma kabisa mpaka karibu na wewe, mguu mmoja mbele ya mwengine, manake boti ikichomoka inataka kuchimba omo. Wewe legeza demani kwanza, KWANZA, mkono mzima, alafu ndio uvute kana. Ukigeuza kana na demani imekazwa boti haitaki kugeuka, inakupigania mkononi, inainama, usukani unatoka kwenye maji. Legeza, ngoja omo ianze kushuka wimbi, geuza, na usisite katikati.

Jumamosi ni bamvua, maji yanaanza kujaa kama saa sita mchana, mkondo na kusi vitakua vinaingia pamoja kwa hivo mlangoni patakua laini mpaka alasiri. Njooni ufuoni Shela wewe na rafiki yako saa tano na nusu, tutaanza na boti ikiwa mchangani, nitawafunga waya mjifunze kutoka na kuingia mpaka miguu izoee, alafu tutaingia majini mie nikiwa kwenye waya na wewe kwenye kana. Mleteni na mkubwa mmoja wa nyumbani akae ufuoni na simu. Visu ninavyo viwili.

mzee_wa_matondoni

Mjukuu wangu nae anakuja. Ana miaka 15, aogelea vizuri. Mfundishe kuhesabu pigo.

mwana_amu

Inshallah mzee. Aje na kofia ya kufunga kidevuni na maji ya kunywa.